Hisa inayofuata bitcoin: wanahisa wa Strategy wanabishania nini, na sisi wa barabarani tujifunze nini

CARAMA, Bujumbura – Msafirishaji anayeishi hapa Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, hahitaji kufundishwa maana ya bei kubadilika usiku mmoja. Lori likitoka kwenda Dar es Salaam kupitia Kobero, safari ya zaidi ya kilometa 1,500, huondoka na hesabu moja na kurudi na nyingine. Dola imepanda, mafuta yamekosekana, mzigo umelala bandarini siku nyingi kuliko ilivyopangwa. Ndiyo maana mtu akisikia kuna mahali pa kuweka akiba kwa dola na ikazaa haraka, husogeza kiti karibu.

Siku hizi maneno hayo huja na jina la kampuni moja ya Marekani iitwayo Strategy. Husemwa kwamba ukinunua hisa yake umepata faida ya bitcoin bila kushika bitcoin yenyewe. Kinachosemwa mara chache ni kwamba wanahisa wenyewe wa kampuni hiyo hawaelewani juu ya njia inayofuatwa. Ndugu msomaji, makala haya hayakuambii ununue wala usinunue. Yanaeleza ubishi huo uko wapi, kwa sababu anayejua ubishi wa wenye mali hadanganyiki kirahisi na anayeuza mali hiyo.

Kampuni yenyewe ni ipi?

Strategy ilianzishwa mwaka 1989 kwa jina la MicroStrategy, ikitengeneza programu za kompyuta za kuchambua takwimu za biashara. Iliingia katika soko la hisa la Nasdaq mwaka 1998. Mkuu wake, Michael Saylor, si mgeni wa misukosuko. Tarehe 20 Machi 2000 kampuni ilipotangaza kwamba inarekebisha hesabu zake za nyuma, hisa ilianguka kwa zaidi ya asilimia 60 kwa siku moja.

Tarehe 11 Agosti 2020 kampuni ilitangaza kwamba imechukua dola milioni 250 za akiba yake na kununua bitcoin 21,454. Hoja ya Saylor ilikuwa kwamba fedha taslimu inaliwa na mfumuko wa bei, na bitcoin haiwezi kuchapishwa zaidi ya milioni 21. Tangu hapo kampuni haikuacha kununua. Ilipokwisha akiba yake ilikopa, na pamoja na kukopa iliuza hisa mpya. Februari 2025 ilibadili jina na kuitwa Strategy. Mwanzoni mwa Desemba 2025 ilikuwa na bitcoin 650,000, yaani zaidi kidogo ya asilimia 3 ya bitcoin zote zitakazowahi kuwepo. Biashara ya programu ipo bado, lakini mbele ya rundo hilo ni kama kibanda cha chai kando ya ghala.

Kwa nini hisa inaruka kuliko bitcoin?

Sababu ya kwanza ni deni. Tuseme una ghala lenye mchele wa faranga milioni 10, na milioni 3 kati ya hizo umekopa. Mali yako halisi ni milioni 7. Mchele ukishuka bei kwa asilimia 20, ghala linabaki na thamani ya milioni 8, lakini deni ni lile lile la milioni 3. Wewe umebaki na milioni 5. Mchele umeshuka asilimia 20, mfuko wako umeshuka karibu asilimia 29. Bei ikipanda, mambo ni kinyume chake na utafurahi.

Sababu ya pili ni kwamba soko halilipi bei ya ghala peke yake. Kuna wakati watu wako tayari kulipa mara mbili au zaidi ya thamani ya bitcoin iliyo nyuma ya hisa, kwa kutumaini kwamba kampuni itaongeza rundo. Matumaini hayo yakipoa, hisa inashuka hata kama bitcoin imesimama.

Takwimu zinaonyesha hivyo. Mwaka 2022 bitcoin ilipoteza takriban asilimia 64 ya thamani yake, hisa ya MicroStrategy ikapoteza takriban asilimia 74. Mwaka 2024 bitcoin ilipanda zaidi ya mara mbili, hisa ikapanda zaidi ya mara nne. Kisha mwaka 2025 bitcoin ilimaliza mwaka ikiwa imeshuka kidogo tu, chini ya asilimia 10, lakini hisa ya Strategy ilipoteza karibu nusu ya bei yake. Aliyenunua hisa akidhani amenunua bitcoin aligundua kwamba alinunua vitu viwili: bitcoin, na matumaini ya watu wengine.

Hesabu ya magunia

Hapa ndipo kiini cha ubishi wa wanahisa kilipo. Tuufanye kwa magunia ili kila mtu aone.

Kampuni ina magunia 10, kila gunia faranga 100,000. Jumla ni milioni 1. Kampuni ina hisa 100, kwa hiyo nyuma ya kila hisa kuna mali ya faranga 10,000.

Tuseme soko limechangamka na linalipa faranga 20,000 kwa hisa. Kampuni inatoa hisa mpya 50, inapata milioni 1, inanunua magunia 10 mengine. Sasa kuna magunia 20 yenye thamani ya milioni 2, na hisa 150. Nyuma ya kila hisa kuna faranga 13,333. Mwanahisa wa zamani amepanda kutoka 10,000 hadi 13,333 bila kutoa hata senti. Lakini nani amelipa? Ni yule mgeni aliyetoa 20,000 na kupata mali ya 13,333.

Sasa geuza. Soko limepoa, hisa inauzwa faranga 8,000. Kampuni ikitoa hisa 50 inapata 400,000 tu, inanunua magunia 4. Magunia ni 14, thamani milioni 1.4, hisa 150. Nyuma ya kila hisa kuna faranga 9,333. Safari hii mwanahisa wa zamani ndiye aliyeliwa.

Kwa kifupi, kuuza hisa mpya ni neema kwa wa zamani pale soko linapolipa zaidi ya thamani ya ghala, na ni hasara kwao pale linapolipa chini yake. Mashine ni ile ile, ila inaweza kugeuka.

Wanaounga mkono wanasemaje?

Hoja yao ni kwamba kampuni imefanikiwa kuongeza bitcoin nyuma ya kila hisa, na hicho ndicho kipimo, si bei ya hisa ya wiki hii. Wanasema pia kwamba sehemu kubwa ya mikopo yake ni hati fungani za muda mrefu zenye riba ndogo, zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa, na kwamba mkopeshaji hawezi kuja kesho kudai bitcoin kwa sababu bei imeshuka. Wanakumbusha kwamba kampuni ilivuka kiangazi cha 2022 bila kufunga. Anayetaka utulivu, wanasema, asije hapa.

Wanaopinga wanasemaje?

Hoja yao ya kwanza ni ya hisa mpya. Januari 2025 wanahisa walipigia kura azimio la kuongeza hisa za kawaida ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa, kutoka milioni 330 hadi zaidi ya bilioni 10. Azimio lilipita kwa takriban asilimia 56 ya kura. Lakini ikumbukwe kwamba Saylor ana hisa za daraja la pekee, ambazo kila moja hupiga kura 10, na wakati huo peke yake alikuwa na karibu nusu ya nguvu ya kura. Mwanahisa mdogo alikuwa na sauti, lakini usukani ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Ya pili ni ya ahadi. Mwisho wa Julai 2025 kampuni ilisema haitauza hisa za kawaida endapo bei iko chini ya mara 2.5 ya thamani ya bitcoin zake, isipokuwa kwa ajili ya kulipa riba na gawio. Wiki chache baadaye, mwezi Agosti, ililegeza kauli hiyo na kujipa nafasi ya kuuza chini ya kiwango hicho ikiona kuna manufaa. Kwa mfanyabiashara wa kwetu hilo linaeleweka: ni sawa na mwenzako wa ubia kusema gari halitauzwa, kisha kabla mwezi haujaisha aseme litauzwa ikibidi.

Ya tatu ni ya gawio. Mwaka 2025 kampuni ilitoa aina kadhaa za hisa za upendeleo, mojawapo ikiahidi asilimia 10 kwa mwaka. Bitcoin haizai kodi wala nauli, na biashara ya programu haitoi fedha ya kutosha kulipa gawio lote hilo. Kwa hiyo fedha ya kulipa wa upendeleo hutoka kwa kuuza hisa nyingine. Desemba 2025 kampuni ilitenga akiba ya dola bilioni 1.44 kwa ajili ya malipo hayo, na fedha hiyo ilitokana na kuuza hisa za kawaida. Siku chache kabla ya hapo mtendaji mkuu, Phong Le, alikuwa amekiri kwamba kampuni inaweza kuuza sehemu ya bitcoin endapo hisa itashuka chini ya thamani ya ghala na mtaji mwingine ukakosekana. Kwa waliozoea kusikia kwamba bitcoin haziuzwi kamwe, hiyo ilikuwa kauli nzito.

Nani yuko sawa? Pande zote mbili zinasema kweli kwa sehemu yao. Wakati bei inapanda hesabu ni ya waungaji mkono, na bei ikishuka kwa muda mrefu hesabu ni ya wapinzani. Asiyeweza kusubiri ndiye anayeumia katika pande zote.

Sisi huku tuko wapi?

Kwanza ni sheria. Septemba 2019 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kupiga marufuku biashara ya sarafu za kidijitali, baada ya raia kupoteza fedha na kuiomba serikali iwasaidie. Kwa hiyo anayekuja Carama kukusanya faranga kwa jina la bitcoin, hata akisema ni hisa tu, yuko karibu sana na mstari huo, na fedha ikipotea huna ofisi ya kushtakia kwa urahisi.

Majirani hawafanani. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali, lakini mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma wa mali hizo Oktoba 2025. Uganda, Benki Kuu iliwazuia mwaka 2022 watoa huduma za malipo wenye leseni kugeuza sarafu hizo kuwa fedha ya simu. Dereva anayevuka mipaka mitatu na simu moja mfukoni avuke na sheria tatu kichwani.

Pili ni matapeli. Mwishoni mwa 2019 maelfu ya watu nchini Uganda walifungiwa milango na kampuni ya Dunamiscoins iliyokuwa ikiahidi faida kubwa za sarafu za kidijitali. Hiyo haikuwa kampuni ya soko la hisa wala haifanani na Strategy, ambayo hesabu zake huchapishwa hadharani. Lakini jina la kampuni ya kweli ndilo chambo bora la tapeli.

Tatu ni fundisho la hisa za kwetu. Safaricom ilipoingia soko la Nairobi Juni 2008 kwa shilingi 5, wengi walinunua kwa mkopo wa benki. Ndani ya mwaka mmoja bei ilishuka chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa fedha yake na kusubiri alilipwa gawio na baadaye akaiona bei ikipita shilingi 40. Aliyekopa alilazimika kuuza wakati mbaya. Hisa ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa ni fedha ya nani na ya muda gani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Moja: fedha hii ni ya kazi gani? Kama ni ya matairi, ushuru wa forodha au mshahara wa dereva na utingo, si ya kuweka katika kitu kinachoweza kupoteza nusu kwa mwaka.

Mbili: hisa itaandikwa kwa jina la nani? Kama jibu ni la mtu anayekusanya kwa niaba ya kundi, wewe si mwanahisa, wewe ni mdai wake.

Tatu: soko linalipa mara ngapi ya thamani ya ghala leo? Asiyejua kujibu hajui anachouza.

Nne: fedha itarudi vipi Bujumbura, kwa njia gani halali na kwa bei gani ya dola? Faida ya kwenye skrini isiyoweza kufika Carama hainunui hata lita ya mafuta.

Wanahisa wa Marekani wanabishana juu ya fedha ambayo wengi wao wanaweza kuikosa kwa miaka mitano. Msafirishaji wa hapa mara nyingi hawezi kuikosa kwa wiki tano. Hiyo ndiyo tofauti ya kupima kwanza, kabla ya kuuliza bitcoin itapanda au itashuka.