Ngoma Inayofundisha Kutembea

Kila asubuhi ngoma ya gwaride ikilia uwanjani, miguu yetu hulingana yenyewe, hata ya yule aliyechelewa kuamka. Jambo hilo, ambalo tumelizoea hata hatulifikiri, hutumiwa na wataalamu kuwafundisha kutembea watu waliopatwa na kiharusi.

Kiharusi ni maradhi ya ubongo. Mshipa wa damu ukiziba au kupasuka, sehemu ya ubongo hukosa damu ikafa. Ikidhurika nusu ya kushoto, hulegea upande wa kulia wa mwili. Ikidhurika ya kulia, hulegea wa kushoto. Mgonjwa akiinuka huburuta mguu mmoja, na hatua zake huwa moja ndefu, moja fupi. Lakini mara nyingi masikio yake ni mazima, na ndani ya ubongo njia za sauti zimeungana na zile ziendeshazo misuli. Pigo likirudi kwa kipimo kile kile, ubongo hulitazamia lijalo, na mguu hujiweka tayari kabla halijafika.

Mwaka 1997 Profesa Michael Thaut na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado huko Marekani, walitoa habari za wagonjwa 20. Wote walizoezwa kutembea kwa majuma 6, lakini nusu yao tu walifuata mapigo. Hao waliwazidi wenzao kwa mwendo na kwa urefu wa hatua.

Nami nilipoisoma habari hiyo nilijiona fundi. Likizo iliyopita, nyumbani Muleba, nilimpigia Babu ngoma kwa mwendo wa gwaride letu. Hakufika hata mgomba wa tatu, aliyumba, nikamdaka. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "unamfukuza nani?"

Kosa lilikuwa langu. Kwanza huhesabiwa hatua za mgonjwa mwenyewe kwa dakika moja. Za Babu zilikuwa 44. Pigo huanzia hapo hapo, na akiisha kulizoea huongezwa kidogo, kama sehemu 5 katika 100. Mwishowe hupunguzwa sauti mpaka atembee bila kulisikia. Tena mtu asimame karibu naye, upande ule dhaifu. Ushauri utafutwe kwanza hospitalini: Rubya, Ndolage au Kagondo kwa watu wa Muleba, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Bukoba.

Wananiarifu kwamba siku hizi Babu hufika njia ya kisimani. Dada yangu mdogo ndiye ampigiaye makofi. Mimi naambiwa mikono yangu ina haraka.