Fidia ya ajali ya baiskeli: Usiharakishe kutia saini

MWENDESHA baiskeli wa Gongoni, mjini Tabora, akigongwa na gari kwa kosa la dereva, anaweza kulipwa fidia na bima ya gari hilo, ambayo ni ya lazima kisheria.

Hata hivyo, akishatia saini hati ya kumaliza madai, kwa kawaida hawezi kudai tena, hata mguu ukihitaji upasuaji mwingine au ukimzuia kufanya kazi.

Ni busara, basi, asubiri taarifa ya daktari kuhusu ulemavu wa kudumu, huku akitunza nakala ya PF3 na stakabadhi za matibabu.

Lakini asichelewe mno. Sheria ya ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu tu kufungua shauri la madai hayo mahakamani.