Gego la Mwisho: Lini Ling'olewe, Lini Liachwe

Maumivu ya jino ni adui wa kazi. Dereva wa lori anayetoka Arua kwenda Koboko na Sudan Kusini hawezi kushika usukani salama ikiwa hakulala usiku kucha. Mwalimu hawezi kufundisha ikiwa mdomo haufunguki, na mkulima wa Logiri hamalizi palizi ikiwa shavu limevimba. Leo tutaeleza habari za magego ya mwisho, ambayo wengi huyaita meno ya hekima, ili kila mmoja ajue lini jino hilo liondolewe na lini liachwe mahali pake.

Magego haya ni yapi?

Mtu mzima mwenye meno kamili ana meno 32. Manne kati ya hayo ni ya mwisho kabisa, mawili juu na mawili chini, nyuma ya magego mengine yote. Kwa kawaida huchomoza mtu akiwa na umri wa miaka 17 hadi 25. Kwa kuwa huja wakati mtu amekwisha pevuka, ndipo yakapewa jina la hekima. Lakini hayaongezi akili, wala kuyang'oa hakuipunguzi. Wako watu wasioota hata moja, nao si wagonjwa.

Shida yake ni nafasi. Yanapokuja, meno mengine 28 yamekwisha kukaa. Taya likiwa na nafasi ya kutosha, gego huchomoza wima na kutafuna kama mengine. Nafasi ikikosekana, gego hukwama: huinama na kumsukuma jirani yake, au hulala ndani ya mfupa, au hutoa kichwa nusu tu, nusu ikabaki imefunikwa na ufizi. Hili la nusu ndilo lenye matata zaidi. Chakula huingia chini ya ufizi, mswaki haufiki, na vijidudu huzaliana humo. Ufizi huvimba na kutoa usaha, mdomo hunuka, na taya hukaza hata kijiko hakipiti.

Lini ling'olewe?

Zamani, katika nchi tajiri, waganga wa meno waliyang'oa mengi yasiyokuwa na ugonjwa wowote, kwa hofu ya yatakayokuja. Mwaka 2000 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu nchini Uingereza, ilishauri desturi hiyo ikome. Sababu ni kwamba kung'oa nako kuna hatari zake. Karibu na mizizi ya gego la chini hupita mishipa ya fahamu ya mdomo wa chini na ya ulimi. Ikijeruhiwa, mtu hubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache kwa maisha yake yote. Haifai kumtia mtu katika hatari hiyo kwa sababu ya jino lisilomdhuru.

Basi gego la mwisho liondolewe ikiwa:
1. Limeoza kiasi cha kutozibika.
2. Ufizi wake umevimba mara kwa mara, au umevimba mara moja lakini vibaya sana.
3. Linaharibu gego la jirani.
4. Lina jipu kwenye mzizi, au kuna uvimbe katika mfupa unaolizunguka.

Lisilo na lolote kati ya hayo lisafishwe vizuri na kuangaliwa na mganga mara kwa mara.

Hatari ya kuchelewa

Wengi wetu hununua vidonge vinne au vitano katika duka la dawa, maumivu yakatulia, wakadhani wamepona. Vidonge hutuliza tu. Chanzo kingali palepale, na mwezi ujao ugonjwa hurudi. Usaha wa gego la chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kuingia shingoni. Ukiona uvimbe chini ya kidevu, homa, shida ya kumeza au ya kupumua, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa ile ile, maana uvimbe huo unaweza kuziba njia ya pumzi na kuua.

Wala usimwendee mtu yeyote mwenye koleo. Wazee wa Kilugbara walikuwa na mila ya kung'oa baadhi ya meno ya mbele ya chini, na wengine hudhani gego ni kazi ile ile. Jino la mbele lina mzizi mmoja ulionyooka. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili au zaidi, na pengine imepinda. Linahitaji sindano ya ganzi, pengine picha ya eksirei, na vyombo vilivyochemshwa kwa mvuke, maana chombo kichafu huweza kuleta Ukimwi na homa ya ini.

Mtoto hana gego la hekima

Mzazi aangalie sana hapa. Mtoto wa miaka sita akivimba taya na meno ya nyuma yakalegea, hilo si gego la hekima. Huenda likawa jipu la kawaida, lakini huenda ikawa saratani ya Burkitt, inayojulikana sana katika West Nile yetu. Daktari Denis Burkitt wa Mulago aliiandika mwaka 1958, na Daktari Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, alitunza kumbukumbu za wagonjwa wake kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 watafiti walipima damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ili kujua chanzo chake. Saratani hii hukua upesi sana, lakini ikiwahiwa hutibika kwa dawa. Usikubali meno ya mtoto huyo yang'olewe tu. Apelekwe hospitali bila kukawia.

Haki ya mfanyakazi

Tangu Machi 2001 ada zilifutwa katika vituo vya afya na hospitali za serikali, isipokuwa wodi za malipo. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Wajibu wako ni kumpasha mwajiri habari mapema na, akidai, kuleta cheti cha daktari. Kwa hiyo omba cheti kabla hujatoka kwa mganga.

Ukisha ng'olewa, uma pamba kwa nusu saa. Siku ya kwanza usisukutue, usivute sigara, usinywe pombe. Damu iliyoganda ndiyo dawa ya kidonda. Kuanzia siku ya pili sukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua, rudi kwa mganga.

Msomee habari hizi mwenzako asiyejua kusoma. Na mwajiri akikunyima siku zako za ugonjwa, usinung'unike peke yako: peleka cheti chako kwa mjumbe wa chama hapo kazini.