Mwalimu Apewe Maua Yake Akiwa Darasani

Hapa Wang'uru mchele wetu wa pishori husifiwa hadi Nairobi, lakini mwalimu aliyemfundisha mkulima kusoma mizani hasifiwi na mtu. Mimi ni mama wa kuuza mchele. Hesabu ya kilo na shilingi nilifunzwa na mwalimu wa shule ya umma, vidole vyeupe kwa chaki, darasa limejaa pomoni.

Ndiyo maana Machi 2019 nilishangilia kana kwamba nimeshinda mimi. Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa sekondari ya kutwa ya Keriko, kule Njoro, alitangazwa Dubai kuwa mwalimu bora duniani, akatuzwa dola milioni 1. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na intaneti ya kubahatisha. Asilimia 80 ya mshahara wake aliwapa wahitaji. Wanafunzi wake walizalisha umeme kutokana na mimea, wakatuzwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza.

Tuzo kama hiyo humfikia mmoja. Wengine tuwatuze sisi wazazi, mbele ya watoto, kwa majina yao kamili. Siku ya Walimu Duniani ni tarehe 5 Oktoba. Gunia langu la pishori nimeshaliweka kando.