Kagua upenu kabla ya masika

Msomaji, hebu inua macho utazame pale mabati yanapokutana na ukuta. Katika nyumba za udongo za Kisumu Ndogo, Kibera, maradhi mengi huanzia hapo.

Alama za maji ukutani, misumari yenye kutu, mbao zinazobonyea na kinyesi cha panya ni dalili mbaya. Unyevu huzaa kuvu, nayo huchochea pumu na kikohozi.

Kabla ya mvua za Machi hadi Mei, badilisha mbao zilizooza, ziba matundu ya bati na ufunike mwanya kwa wavu wa waya. Usiuzibe kwa matambara: hewa ipite. Jiko la makaa nalo litoe nje kabla ya kulala, kwani gesi yake isiyo na harufu huua.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.