Karo Imelipwa, na Chakula Je?



Mwanafunzi aachapo chuo, swali la kwanza tuliulizalo majumbani ni moja: karo imemshinda? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Wapo wengi ambao karo yao ilikwisha kulipwa, na bado wakaacha masomo kwa kukosa kodi ya chumba, nauli ya kila siku, au mtu wa kuwashikia mtoto wakati wa kipindi. Dhiki hizi haziandikwi katika risiti ya chuo, na kwa sababu hiyo aghalabu humpita mfadhili asizione.

Katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa maradhi ya Korona, serikali ya Marekani ilitoa fedha nyingi ili ziwafikie wanafunzi wenyewe mikononi, wazitumie kwa haja wanazozijua. Tumeona tuieleze habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazopeleka wanafunzi wengi Marekani, na msaada ule mwanzoni uliwapita. Ya pili ni kwamba kila nyumba, kila msikiti na kila chama cha kina mama kinachosomesha kijana kina la kujifunza katika yaliyofaulu na yaliyokosewa huko.

Chuo cha jamii ni nini?

Wamarekani wana vyuo vya umma viitwavyo vyuo vya jamii. Masomo yake kwa kawaida ni ya miaka miwili, karo yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na mlango wake uko wazi hata kwa asiye na alama za juu. Kikongwe kuliko vyote katika vile vya umma ni Joliet Junior College, kilichoanzishwa mwaka 1901 katika jimbo la Illinois. Hivi leo vyuo hivi ni takriban elfu moja. Hufundisha uuguzi, umeme, ufundi wa magari, uhasibu na mengineyo, na atakaye huhamia chuo kikuu baada ya hapo kukamilisha shahada.

Wanafunzi wake wengi ni watu wenye majukumu. Takriban thuluthi mbili yao husoma nusu wakati, kwa kuwa mchana au usiku wako kazini. Katika wanafunzi wote wa nchi ile wanaosomea shahada ya kwanza au stashahada, takriban mmoja kati ya watano ni mzazi, na wengi wa wazazi hao ni wanawake. Kwao chuo cha jamii ndicho kimbilio, kwa kuwa kiko karibu na nyumbani na vipindi vyake huwezekana kupangwa kwa mujibu wa kazi na watoto.

Korona ilipoingia Machi 2020, watu hawa ndio waliopigwa mwanzo. Mikahawa, maduka na hoteli zilifungwa, nazo ndizo zilizokuwa zikiwaajiri. Skuli za watoto zikafungwa, mama akawa mwanafunzi na mwalimu katika chumba kimoja. Masomo yakahamia kwenye intaneti, na asiye na intaneti nyumbani akalazimika kwenda kuketi ndani ya gari katika uwanja wa kuegesha magari wa chuo, apate kuinasa huduma ya hapo. Hata ile hundi ya dola 1,200 ambayo serikali iliwapelekea watu wazima wengi haikumfikia kijana aliyeandikwa kuwa ni mtegemezi wa wazazi wake.

Matokeo yake yalionekana upesi. Katika misukosuko ya uchumi iliyotangulia, waliokosa kazi walikuwa wakikimbilia vyuo vya jamii kujiongezea ujuzi. Safari hii walivikimbia. Kufikia muhula wa vuli wa 2020, idadi ya wanafunzi wa vyuo hivyo ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 10.

Sheria tatu na mabilioni ya dola

Tarehe 27 Machi 2020, Rais Donald Trump alitia saini sheria ya msaada iitwayo CARES. Ndani yake mlikuwa na takriban dola bilioni 14 za elimu ya juu, na vyuo vilivyopokea mgao wa kawaida viliamrishwa kutoa angalau nusu ya mgao huo kama ruzuku za dharura kwa wanafunzi. Sehemu hiyo ilizidi dola bilioni 6. Sheria ya pili ilipitishwa Disemba mwaka huohuo ikiwa na zaidi ya dola bilioni 21, na ya tatu ikatiwa saini na Rais Joe Biden tarehe 11 Machi 2021, ikiwa na takriban dola bilioni 40. Jumla yake yapata dola bilioni 76.

Fedha hizi zilipewa vyuo, na vyuo vikazigawa. Baadhi viligawa kiasi sawa kwa kila aliyestahiki, vingine vilimtaka mwanafunzi aandike ombi na kueleza shida yake. Mwanafunzi aliruhusiwa kuzitumia kwa chakula, makazi, matibabu, malezi ya mtoto, vitabu, kompyuta au karo yenyewe.

Masharti mawili katika hayo yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba chuo hakikuruhusiwa kuzikata fedha za mwanafunzi ili kujilipa deni lake. Katika sheria ya kwanza fedha zilipaswa kumfikia yeye, na katika zile za baadaye chuo kiliweza kuziingiza katika hesabu yake iwapo tu ameridhia kwa maandishi. La pili ni kwamba zilikuwa ruzuku, hazikuwa mkopo. Hazikurudishwa, hazikutozwa kodi, wala hazikumpunguzia mwanafunzi misaada mingine aliyokuwa akiipata.

Neno ruzuku na neno riziki lina asili moja katika Kiarabu, na hapa maana zake zilikutana. Msomaji wetu ataelewa uzito wa jambo hili kwa mwanafunzi wa Kiislamu huko, ambaye mojawapo ya njia kuu za kusoma zilizo mbele yake ni mkopo wenye riba. Kwa wale waliokwisha kukopa, serikali ile iliondoa riba kwa mikopo yake ya wanafunzi tangu Machi 2020, na haikuirudisha hadi Septemba 2023.

Waliobaki nje ya mlango

Hata hivyo, wingi wa mali haukuwa dhamana ya uadilifu wa mgao. Kosa la mwanzo lilikuwa katika kuhesabu. Sheria ya kwanza haikuhesabu vichwa vya wanafunzi. Iliwahesabu wanaosoma nusu wakati kwa kuwaunganisha, kadhaa wakawa mmoja. Chuo chenye wanafunzi wengi wasomao nusu wakati kilihesabiwa kana kwamba kina wachache zaidi. Lakini tumbo la anayesoma nusu wakati si nusu tumbo, wala kodi ya chumba chake si nusu kodi. Vyuo vya jamii vilivyojaa watu wa namna hii vikapata pungufu kwa kila kichwa, ilhali ndivyo vyenye maskini wengi. Sheria ya pili ilirekebisha jambo hili kwa kiasi fulani, kwa kuhesabu pia vichwa.

Kosa la pili lilikuwa katika masharti. Mwezi wa Aprili 2020, Wizara ya Elimu chini ya Waziri Betsy DeVos ilitangaza kwamba wa kupewa ni wale tu wanaostahiki misaada ya kawaida ya masomo ya serikali kuu. Kwa tamko hilo wakatoka wanafunzi wa kigeni wenye viza ya masomo, vijana walioingizwa nchini utotoni bila hati, waliowahi kushindwa kulipa mkopo wa zamani, na baadhi ya wasiokuwa na cheti cha sekondari. Aliyekuwa hajawahi kujaza ile fomu ndefu ya serikali iitwayo FAFSA naye akawa na kazi ya kuthibitisha kuwa anastahiki.

Tazameni tofauti iliyotokea. Mkimbizi kutoka Kongo, azungumzaye Kiswahili kama sisi, aliyepokelewa kwa hadhi rasmi ya ukimbizi, alihesabiwa kuwa anastahiki. Mkenya aliyeketi naye darasa moja kwa viza ya masomo hakuhesabiwa. Na Mkenya huyo kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo. Huruhusiwa kazi za ndani ya chuo, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Chuo kilipofungwa, kazi nyingi za namna hiyo zilifungwa nacho.

Vyuo vya jamii vya California, vyenye zaidi ya wanafunzi milioni 2, vilikwenda mahakamani Mei 2020. Mwezi uliofuata Jaji Yvonne Gonzalez Rogers alitoa amri ya kuyazuia masharti hayo yasitumike katika vyuo hivyo wakati kesi ikiendelea. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2021, Waziri mpya wa Elimu, Miguel Cardona, alitoa kanuni iliyofungua mlango kwa kila aliyekuwa mwanafunzi tangu kutangazwa kwa dharura tarehe 13 Machi 2020, awe mgeni, mkimbizi au asiye na hati. Ilikuwa kanuni njema. Lakini kwa mwenye njaa ya Aprili, chakula cha Mei ya mwaka wa pili kimechelewa, na waliokwisha kuacha masomo si wote waliorudi.

Hofu ya wadanganyifu

Mtu atasema, na ana haki ya kusema, kwamba mlango ukiwa wazi sana huingia wezi. Na kweli waliingia. Mwaka 2021 vyuo vya jamii vya California viligundua zaidi ya maombi bandia 65,000 ya msaada, yaliyotumwa kwa majina ya watu wasiokuwapo darasani. Mali ya amana ina haki ya kulindwa, na anayeigawa ataulizwa.

Lakini iko njia ya kulinda isiyomdhalilisha mhitaji, nayo ni kumjua. Walimu na washauri wanaoonana na mwanafunzi kila wiki humtambua aliye hai na aliye wa karatasini. Amarillo College, chuo cha jamii cha Texas, kilikuwa tangu kabla ya Korona na kituo ambapo mwanafunzi huenda kueleza shida yake, akasaidiwa kwa chakula, bili ya umeme au matengenezo ya gari. Mahali penye desturi ya kusikiliza, fedha za dharura zina pa kupitia.

Vyuo vingine vilitazama upande wa madeni. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambacho kina vyuo saba vya jamii ndani yake, kilitangaza Julai 2021 kwamba kitawafutia wanafunzi wasiopungua 50,000 madeni ya karo na ada yaliyolimbikizwa wakati wa maradhi, kwa kiasi kinachofikia dola milioni 125. Mwenye deni la chuo huzuiwa kujiandikisha muhula unaofuata, kwa hivyo kumfutia ni kumrudishia kiti chake darasani.

Na sisi je?

Huku kwetu, basari ya eneo bunge au ya kaunti aghalabu huandikwa hundi kwa jina la chuo. Utaratibu huo una hekima yake, kwa kuwa huhakikisha fedha zimekwenda masomoni. Lakini binti aliyetoka Lamu au Kwale kwenda kusoma Mombasa, akapanga chumba na wenzake, hali hundi wala hapandi matatu kwa hundi. Akiona aibu kusema, siku moja hurudi nyumbani, na watu wakasema masomo yamemshinda.

Hatuna mabilioni ya dola, lakini tuna kamati za misikiti, vyama vya kina mama na jamaa wa nje wanaotuma. Kwa wote hao tuna mapendekezo machache. Mnapomlipia kijana karo, muulizeni pia anakula wapi na analala wapi. Tengeni sehemu ndogo ya mfuko iwe ya dharura, yenye watu wawili au watatu waaminifu wenye idhini ya kuitoa ndani ya siku chache bila kungoja mkutano wa mwisho wa mwezi. Fomu iwe ya ukurasa mmoja. Mwanafunzi wa jioni anayefanya kazi mchana, na mama anayesoma akiwa na watoto, wasihesabiwe kuwa ni nusu wanafunzi. Na kila anayepewa asitirike: jina lake lisisomwe mbele ya watu, wala asipigwe picha akipokea.

Nanyi wazazi mlio na watoto ng'ambo, mwambieni kijana wenu asikae na shida yake kimya. Vyuo vingi vya jamii Marekani vina ofisi ya misaada ya dharura au ghala la chakula kwa wanafunzi. Aende akaulize mapema, kabla deni halijamfungia mlango wa muhula ujao.