Choroa wa Arabuni: Idadi Imerudi, Jeni za Kinga Hazijarudi

Mwaka 1972, choroa wa mwisho wa porini waliuawa na wawindaji nchini Oman. Spishi hiyo ilinusurika kwa wanyama wachache waliokuwa wakifugwa, wakiwemo tisa walioanzisha kundi la uzazi katika bustani ya Phoenix, Marekani, miaka ya 1960. Mwaka 1982 wazao wao walianza kurudishwa jangwani Oman. Leo idadi yao imeongezeka, lakini kinga ya kundi haipimwi kwa kuhesabu vichwa pekee.

Seli ya kinga inapomeza bakteria, huzikatakata protini zake na kuviweka vipande juu ya utando wake. Vipande hivyo hushikwa na protini maalumu, ili chembe nyeupe za damu aina ya T zivikague. Zikitambua kipande kigeni, mapambano huanza. Kila protini hiyo hushika vipande vya namna fulani tu. Kwa binadamu, protini za kundi hili huitwa HLA, nazo ndizo hulinganishwa kabla ya kupandikiza figo.

Kwa hiyo mnyama aliyerithi aina mbili tofauti za jeni moja ya kinga hutambua vimelea vingi zaidi, na kundi lenye aina nyingi si rahisi kuangamizwa lote na ugonjwa mmoja. Wazazi waanzilishi wanapokuwa wachache, aina nyingi hupotea kwa bahati tu, na wingi wa watoto hauzirudishi.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 uliikagua jeni iitwayo DRB katika choroa 57, ukakuta aina tatu tu. Kwa ng'ombe, aina za jeni inayolingana nayo zinazojulikana huzidi 100. Choroa wanaofugwa wamewahi kupatwa na kifua kikuu na ugonjwa wa miguu na midomo. Hilo peke yake halithibitishi kwamba uhaba wa jeni ndio chanzo, kwani msongamano zizini nao hueneza maradhi. Bali ni sababu tosha ya tahadhari.

Tahadhari hiyo ni kubadilishana madume kati ya makundi yasiyo na undugu wa karibu, kuwapima maradhi kabla ya kuwahamisha, na kutowaweka wote mahali pamoja. Kifua kikuu cha wanyama huweza kumwambukiza binadamu. Hivyo afya ya kundi huwahusu pia wanaolihudumia.